Filamu ya Roma ya Kale: Jinsi ya Kuiandaa Bila Kunakili Filamu Nyingine

Filamu nyingi za Roma ya kale zinafanana kwa sababu zimezaana zenyewe kwa zenyewe. Mbunifu wa mavazi anatazama filamu iliyomtangulia. Aliyeitengeneza hiyo alitazama za miaka ya 1950 na 1960, na za wakati huo ziliegemea wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 18 na 19. Dole gumba la kuelekeza chini kwenye uwanja wa mapigano limeenezwa na mchoro wa Jean-Léon Gérôme wa mwaka 1872. Maandishi ya Kirumi yanataja kidole "kilichogeuzwa", lakini hayasemi kimegeuzwa upande gani. Saluti ya mkono ulionyooshwa mbele imetokana na mchoro wa Jacques-Louis David wa mwaka 1784, na hakuna maandishi ya kale yanayoieleza kuwa saluti ya Warumi.

Kwa hiyo makosa ya kihistoria na uchovu wa hadithi vina chanzo kimoja, na dawa yake ni moja: acha kutazama filamu, nenda kwenye vitu vyenyewe. Huu ni mwongozo wa kufanya hivyo, kuanzia muswada hadi uhariri, hata kama bajeti yako haifiki ya studio kubwa.

Anza na mwaka, usianze na "enzi"

"Roma ya kale" si wakati mmoja. Toka kuanzishwa kwa jamhuri hadi kuanguka kwa dola ya magharibi ni karibu miaka elfu moja, na kila kitu kilibadilika: silaha, nywele, ndevu, majengo, hata namna ya kumwita mkubwa. Andika mwaka na mahali juu ya ukurasa wa kwanza wa muswada, kisha mpe kila mkuu wa idara nakala. Usikubali jibu la "karne ya kwanza hivi".

Tazama mwaka mmoja unavyofunga na kufungua milango. Ukichagua 52 KK, Julius Caesar yuko Gaul, yaani Ufaransa ya leo na maeneo ya jirani. Askari wake wanavaa deraya ya pete za chuma zilizounganishwa, si ile ya mabamba ya chuma inayopendwa na filamu. Mabamba hayo yanaanza kuonekana mwishoni mwa karne ya kwanza KK. Ukichagua mwaka 64 BK, Nero yuko madarakani na Roma inaungua, lakini Colosseum, uwanja mkubwa wa mapigano, haipo, kwani ilifunguliwa mwaka 80, miaka 12 baada ya Nero kufa. Ukichagua wakati wa Augusto, kaizari wa kwanza, usimfanye mtu amwite "Bwana wangu". Mwandishi wa Kirumi Suetonius anaeleza kwamba Augusto alilikataa jina hilo hadharani, maana lilikuwa jina ambalo mtumwa humwitia mwenye nyumba. Miaka mia moja baadaye hali ilikuwa tofauti kabisa. Mstari mmoja wa mazungumzo unaweza kukuumbua.

Daftari la ushahidi

Fungua jedwali lenye safu tano: namba ya onyesho, kitu kinachoonekana au kusemwa, ushahidi, daraja, uamuzi. Madaraja ni manne.

A: kitu chenyewe kimebaki. Mfano ni ngao iliyopatikana Dura-Europos, mji wa kale wa Syria, na sasa iko Chuo Kikuu cha Yale, Marekani: imetengenezwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyogundishwa, imepinda, ina urefu wa sentimita 105 hivi, na rangi zake bado zinaonekana.
B: picha au maandishi ya wakati huohuo, kama nguzo ya Trajano iliyokamilika mwaka 113, makaburi, sarafu na barua.
C: ulinganisho na wakati au mahali pa karibu.
D: tumebuni.

Hakuna dhambi katika D. Mazungumzo ya chumbani kati ya mume na mke yatakuwa D daima. Kosa ni kuweka D mahali ambapo A ipo kwenye kabati la makumbusho na picha yake haina gharama. Ukiona safu ya ushahidi imejaa "kama kwenye filamu fulani", rudisha onyesho hilo kwa mwandishi.

Kosa la kawaida hapa ni kukusanya ushahidi bila kuangalia tarehe. Mtu anachukua kofia ya mwaka 50, upanga wa mwaka 250 na nguo ya mwaka 400, kila kimoja ni cha kweli, lakini askari aliyevaa vyote hajawahi kuishi.

Namna ya kusoma jiwe moja

Kabla ya kununua kitambaa, fanya zoezi hili. Tafuta picha nzuri ya jiwe la kaburi la Marcus Caelius, lililopatikana Xanten, Ujerumani, na sasa liko Bonn. Caelius alikuwa senturio, yaani ofisa wa kikosi cha askari 80 hivi, wa jeshi la 18, mzaliwa wa mji unaoitwa leo Bologna. Aliuawa katika "vita vya Varus", ambamo jemadari Varus na majeshi yake waliangamizwa Ujerumani, mwaka 9 BK akiwa na umri wa miaka hamsini na tatu na nusu.

Anza na mkono. Ameshika fimbo ya mzabibu: hiyo ndiyo alama ya cheo chake, na ndiyo iliyowachapa askari migongoni. Ukimpa senturio wako fimbo hiyo, huhitaji mtu wa kumtambulisha. Angalia kifua: amening'iniza medali za duara kwenye mikanda, na pete nzito zimekaa mabegani. Kichwani ana taji la majani ya mwaloni, nishani ya aliyeokoa maisha ya raia mwenzake vitani. Kofia ya chuma haipo. Ubavuni, kulia na kushoto, kuna vichwa vya watu wawili, Privatus na Thiaminus, watumwa wake aliowaacha huru. Jiwe liliwekwa na ndugu yake Publius, na maandishi yanaruhusu mifupa iwekwe hapo. Yaani walikuwa na jiwe, lakini mwili haukuwa umerudi.

Sasa una vazi kamili la mtu mmoja kwa mwaka mmoja unaojulikana. Pia una hadithi ambayo si ya mfalme wala ya mpiganaji: ndugu anayejenga kaburi tupu. Mawe ya namna hii yapo kwa maelfu, na mengi yamepigwa picha na kutafsiriwa mtandaoni.

Mavazi: vipimo na yanayoharibika

Kanzu ya kawaida ya mwanamume ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kata mistatili miwili ya sufu, kila mmoja upana wa sentimita 100 hadi 110 na urefu wa 110. Shona mabegani, ukiacha nafasi ya kichwa iliyonyooka mlalo, sentimita 30 hivi. Usikate shingo ya duara, kwani ndiyo inayofanya vazi lionekane fulana. Shona pembeni, acha tundu za mikono. Mkono mfupi hutokea wenyewe, kitambaa kinapoanguka kutoka begani. Funga mkanda, kisha vuta kitambaa juu yake mpaka pindo lifike magotini. Askari huvuta juu zaidi. Watu wa kawaida wavae rangi za kondoo mwenyewe: maziwa, kijivu, kahawia. Nguo zote zikiwa nyeupe, umati wako utaonekana kwaya.

Toga ni kazi nyingine. Ni nusu duara kubwa: kwa wakati wa makaizari wa kwanza, ule ukingo ulionyooka hufika mita 5.5 hivi, na kina chake nusu ya hapo. Huanzia mbele karibu na mguu wa kushoto, hupanda juu ya bega la kushoto, huzunguka mgongoni, hupita chini ya mkono wa kulia, hukatiza kifua na kurudi begani kushoto. Haina pini wala kifungo. Uzito wa sufu na mkono wa kushoto ndivyo vinavyoishikilia, kwa hiyo mkono huo umefungwa kazi muda wote. Kwa jamhuri tumia toga ndogo zaidi: sanamu ya shaba ya Aulus Metellus iliyoko Florence inaonyesha ilivyokuwa fupi.

Yanayoharibika ni haya. Poliesta huteleza na kung'aa chini ya taa. Mwigizaji aliyeivaa kwa mara ya kwanza siku ya kurekodi atakuwa anashikashika bega kila sekunde, basi mpe toga ya mazoezi wiki mbili kabla. Waongozaji nao huwavisha toga wauza samaki: ilikuwa vazi la raia mwanamume kwa shughuli rasmi, ni joto, ni zito, na mtumwa au mgeni hakuruhusiwa kuivaa.

Ondoa bangili za ngozi za mikononi. Zimo karibu kila filamu, na ushahidi wake kwa askari wa Kirumi hakuna. Weka soksi: moja ya barua za mbao zilizofukuliwa Vindolanda, ngome ya Kirumi kaskazini mwa Uingereza, inataja soksi, viatu na nguo za ndani alizotumiwa askari. Soksi ndani ya kandambili za jeshi ni daraja B na hazigharimu kitu.

Viatu vya askari vilikuwa na misumari chini. Mwanahistoria Myahudi Josephus anasimulia senturio Julianus, aliyekimbia juu ya sakafu ya mawe ya hekalu la Yerusalemu, misumari ikateleza, akaanguka na kuuawa. Ichukulie kama onyo la usalama: kwenye seti yenye sakafu laini tumia soli ya mpira, na sauti ya misumari iongezwe studioni. Sauti hiyo peke yake humwambia mtazamaji kwamba jeshi linakuja kabla hajaona kitu.

Wapanda farasi hawakuwa na vikuku vya kuwekea miguu. Vilifika Ulaya karne kadhaa baadaye. Tandiko la Kirumi lilikuwa na pembe nne za kumshika mpandaji. Bima na usalama vinaweza kukulazimisha uvitumie. Vitumie, vifunike kwa vazi, na kamera isishuke chini ya goti.

Uwanja wa mapigano

Hapa ndipo unakili umekithiri. Wapiganaji hawakuingia wakiwa kundi la kuchanganyikana. Walipangwa wawiliwawili kwa aina zao. Mwenye wavu na mkuki wa meno matatu alipambanishwa na mwenye kofia laini isiyo na ukingo wala manyoya, ili wavu usinase, na yenye matundu madogo ya macho. Kofia hiyo inamchosha aliyeivaa: hewa ni finyu, haoni pembeni, lazima amalize mapema. Mwenye wavu hana kofia, anaona vizuri, anapumua, na kazi yake ni kukimbia mpaka mwenzake achoke. Ukiujua mpango huo, pigano linajiandika lenyewe, wala huhitaji kukatakata picha kila nusu sekunde.

Katikati yao alikuwepo mwamuzi mwenye fimbo. Filamu humsahau. Si kila pigano liliisha kwa kifo, maana mpiganaji aliyefunzwa alikuwa mali ya gharama. Na ile salamu ya "sisi tunaokwenda kufa" imeandikwa kutamkwa mara moja tu, mbele ya kaizari Klaudio, na watu waliohukumiwa kupigana vita vya majini kwenye ziwa Fucinus. Iondoe.

Chakula, pesa, saa na mazungumzo

Mezani hakuna nyanya, viazi, mahindi, pilipili kali wala bata mzinga. Vyote vilitoka Amerika baada ya 1492. Weka mkate wa duara uliokatwa alama za vipande, kama ile iliyopatikana Pompeii imekuwa mkaa, pamoja na zeituni, maharage, samaki, na mchuzi wa samaki waliochachushwa.

Usimfanye mtu atupe mfuko wa dhahabu kulipia kikombe cha divai. Tangazo la baa moja ya Pompeii linataja bei: asi moja kwa divai ya kawaida, mbili kwa nzuri zaidi, nne kwa Falerno, divai ya kifahari. Asi 16 ni dinari moja, na askari wa Augusto alilipwa dinari 225 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo unaweza kuandika onyesho zima la askari wawili wanaobishana kuhusu kikombe cha pili, na kila mtazamaji akaelewa.

Katika saa, sisi tuna bahati ambayo mwandishi wa Kizungu hana. Warumi waligawa mchana katika saa 12 toka jua kuchomoza hadi kuzama, kwa hiyo saa tatu yao ni asubuhi, kama yetu. Andika kawaida. Ila kumbuka urefu wa saa ulibadilika na msimu: mjini Roma saa ya mchana katikati ya majira ya baridi ilikuwa na dakika 45 hivi za sasa, na ya kiangazi 75 hivi. Usitaje dakika katika mazungumzo. Amri ya kutupa mishale nayo isitumie lugha ya bunduki.

Hadithi ambazo hazijachoshwa

Mwenye bajeti ndogo asihangaike na vita vya maelfu. Kikosi kidogo kabisa cha jeshi la Kirumi kilikuwa watu wanane wanaolala hema moja la ngozi, lenye upana wa mita tatu hivi, wakiwa na nyumbu mmoja na jiwe moja la kusagia ngano. Waigizaji wanane, hema, nyumbu, mvua. Hiyo ni filamu.

Huko Amisus, ambako leo ni Samsun nchini Uturuki, kaburi la mpiganaji Diodorus linasema alimshinda Demetrius lakini hakummaliza, kisha akauawa kwa hila ya mwamuzi. Mtu ameandika lawama hiyo juu ya jiwe, karibu miaka 1,800 iliyopita, na mwamuzi bado hajajibu.

Vindolanda kuna barua ya Claudia Severa, ya karibu mwaka 100, akimwalika Sulpicia Lepidina kwenye siku yake ya kuzaliwa. Karani ameandika sehemu kubwa. Mistari ya mwisho, ya mapenzi ya rafiki, ameiandika Severa kwa mkono wake. Wake wawili wa maofisa, mpakani mwa dunia yao.

Na ipo moja ya kwetu. Kitabu cha mabaharia cha Kigiriki cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, kinaitaja Rhapta, soko la mwisho la pwani ya Azania, yaani Afrika Mashariki, lenye pembe za ndovu na magamba ya kasa, na jina lake limetokana na vyombo vya kushonwa. Kinawataja manahodha Waarabu waliooa pwani na kuijua lugha yake. Kinasema mikuki, mashoka, majambia na vitu vya kioo vililetwa kuuzwa, lakini divai na ngano vililetwa ili kupata upendeleo tu. Mahali hasa pa Rhapta hapajathibitishwa, na hilo linampa mbunifu uhuru halali. Masharti ni magumu vilevile: hakuna mihogo, mahindi wala mikorosho, kwani ilitoka Amerika, hakuna mikarafuu, iliyofika Zanzibar karne ya 19, hakuna kanga, misikiti wala nyumba za mawe. Kiswahili chenyewe kilikuwa hakijazaliwa, basi kitumike kama sauti ya kutafsiria tu. Mtepe wa pwani yetu, ulioshonwa kwa kamba za usumba na kubeba tanga la mkeka la mraba, ni daraja C: unafaa sana, lakini uandike hivyo kwenye daftari.

Unapolazimika kubadilisha

Kufupisha muda na kuunganisha watu wawili kuwa mmoja ni kazi halali ya mwandishi. Jiulize kama badiliko linagusa sababu ya tukio. Katika filamu ya Gladiator ya mwaka 2000, kaizari Commodus anauawa uwanjani. Kwa kweli alitawala mpaka 31 Desemba 192, akanyongwa bafuni na mwanamieleka Narcissus kwa njama ya watu wa nyumbani mwake. Badiliko hilo linaondoa hofu ya watu wa karibu naye, na hofu hiyo ndiyo sababu ya kifo chake. Kinyume chake, kufupisha safari ya siku 40 kuwa onyesho moja hakuharibu lolote.

Mara nyingi takwimu sahihi ni kali kuliko ubunifu. Baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus wa 73 hadi 71 KK, jemadari Crassus aliwasulubisha watu 6,000 kando ya barabara kutoka Capua hadi Roma. Umbali ni karibu kilomita 195, yaani msalaba mmoja kila mita 32 hivi. Msanifu wa seti akizoea filamu ataibana misalaba iwe mita tano tano. Ipange kwa umbali wake halisi, piga picha kutoka kwa mtu anayetembea, na usikate: anapita mmoja, kimya cha hatua arobaini, mwingine.

Mshauri wa historia aitwe kabla muswada haujafungwa. Akija baada ya mavazi kushonwa, kazi yake itakuwa kulalamika tu. Mpe nafasi tatu: muhtasari wa hadithi, siku ya kupima mavazi, na uhariri wa kwanza. Muulize kwa maandishi maswali yenye jibu, kama "mwaka 9, ofisa huyu anakula ameketi au amelala?", si "je, inaonekana sawa?" Majibu yaingie kwenye daftari, pamoja na uliyoyakataa na sababu zake.

Wakati wa uhariri, tazama filamu mara moja bila sauti huku daftari likiwa mkononi, kwa sababu makosa ya macho hujificha nyuma ya muziki: saa ya mkononi iliyoacha alama kwenye ngozi, chanjo ya begani, zipu, shimo la hereni kwenye sikio la seneta, waya wa umeme kilimani. Kisha itazame tena ukiwa umefumba macho, usikilize mazungumzo peke yake. Neno lililopitwa na mwaka wako litakurukia. Maneno ya kufungulia filamu yaandikwe mwisho kabisa, ukishajua ulichobadilisha: ukitangaza "kisa cha kweli", yale ya D yaliyogeuza sababu ya tukio yatajwe wazi kwenye maandishi ya kufungia.